Udongo wa Chupa Namba Nne

Haki nikikumbuka hii siku huwa nafunika uso na leso hata kama niko peke yangu jikoni, na bwanangu akiniona hivyo anaanza kucheka kabla sijasema kitu. Basi wacha niwaambie mimi mwenyewe, kwa sababu mkingoja ya watu mtasikia ati nilikula shamba zima.

Nilikuwa nafundisha sayansi shule moja ya msingi karibu na Misikhu, miaka ile simu ya mkononi bado ni kitu cha kuringia kanisani. Shule za upande wetu wa Bungoma zikaalikwa maonyesho ya sayansi Kitale, na mtoto atakayeshika namba moja anapelekwa Nairobi. Sisi tulikuwa na Nafula wa darasa la saba. Huyo msichana alikuwa hajawahi kufika mbali kushinda Webuye, lakini udongo alikuwa anaujua vile wenzake wanajua wachezaji wa mpira. Muhula mzima alisumbua ukoo wake: mjomba amletee wa mlimani Elgon, shangazi amletee ule wa mchanga wa Bumula, binamu amletee wa Naitiri, na mwenyewe akachimba wa kando ya mto. Akaupanga kwa chupa za jemu, kila chupa na namba, na kwa chati akaandika rangi, harufu na vile unashika maji. Namba nne ndiyo alikuwa anaipenda kabisa, mabonge ya kichuguu cha nyuma ya kwao, ule udongo mchwa wanapandisha kutoka chini, laini, mwekundu, hauna hata kijiwe kimoja.

Sasa, kuna kitu Nafula hakujua, hedimasta hakujua, na mama mkwe wangu pale Kitale ndiye hasa sikutaka ajue: nilikuwa na mimba changa. Ya kwanza. Tulikuwa tumengoja sana, kila Krismasi mama mkwe ananiangalia tumbo kabla ya kunisalimia, na nilikuwa nimemwapisha bwanangu asifungue mdomo mpaka tumbo lijiseme lenyewe.

Siku ya safari hedimasta akatubeba na pikapu yake, watoto nyuma, mimi mbele. Chupa zilikuwa ziende nyuma na watoto, lakini mimi kwa ujuaji wangu nikasema hapana, barabara ina mashimo, leteni hiyo katoni niipakate. Hapo ndipo nilijimaliza. Tukikaribia Kiminini mvua ikaanza kudondoka kwa vumbi, ile harufu ikaingia dirishani (wenye wamebeba mimba wananielewa), mate yakanijaa mdomo. Nikajiambia nitanusa tu. Nikafungua namba nne, nikanusa. Nikajiambia basi kabonge kamoja, kale kadogo ka juu, nani atajua? Bana! Kaliyeyuka kwa ulimi. Hedimasta anaendesha huku akieleza vile atatengeneza kabati ya vioo ya kuweka kombe, mimi naitikia "mmh, mmh" nikiangalia nje, na mkono unaenda kwa chupa na kurudi wenyewe. Kuja kuangalia chini, Kitale ndiyo hii, na chupa ni tupu, hata pembeni nilikuwa nimepangusa na kidole.

Tulipoingia kwa ukumbi nikamvuta Nafula kando.

"Kimbia nyuma ya vyoo, nimeona kichuguu pale. Jaza hii haraka."

Akaangalia chupa, akaniangalia mimi. "Lakini Madam, hicho si cha Misikhu. Mimi sikukipima hicho. Chati itakuwa ya uongo."

"Nafula, mchwa ni mchwa!"

(Na ni mimi nilikuwa nimemfundisha, muhula mzima, ati usiandike kitu hujapima.)

Kabla hatujamaliza kubishana, majaji hao. Watu wamejaa, na mbele kabisa amesimama nani? Mama mkwe, amevaa gauni ya Jumapili, anaambia kila mtu "huyo ni mke wa kijana wangu." Nafula akaeleza chupa ya kwanza, ya pili, ya tatu, majaji wanatingisha vichwa, nikaanza kupumua. Kisha jaji mkubwa, mama mmoja wa miwani, akainua ile chupa.

"Na namba nne?"

"Namba nne Madam alikula."

Hedimasta akaruka. "Wewe Nafula! Adabu iko wapi? Omba msamaha saa hii!"

"Lakini nilimuona kwa kioo cha nyuma cha pikapu," akasema, machozi yakianza. "Nilifikiri anapima."

Jaji akakunja uso na kushika kalamu. Nikaona vile inaenda: nikinyamaza, huyu mtoto anarudi Misikhu akiitwa mwongo na alama zake zote zinaenda. Nikisema, mama mkwe huyo hapo. Nilitamani sakafu inimeze.

"Ni kweli," nikasema. "Nilikula mimi."

"Yote?"

"Yote."

Na meno, kumbe, bado yalikuwa mekundu. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akaanguka kutoka kwa benchi. Halafu juu ya hicho kicheko chote nikasikia kigelegele. "Ayiyiyiyiii! Nekesa! Mwanamke hawezi kula udongo hivyo bure! Si ungeniambia?" Mama mkwe akaja mbio kunikumbatia, akakanyaga volkano ya karatasi ya shule jirani bila hata kuangalia chini, akanipapasa tumbo mbele ya wilaya mbili. Hedimasta alijifanya anasoma chati.

Nafula akashika namba mbili. Yule mama wa miwani alituambia wazi, kazi hii ni nzuri sana, lakini chupa tupu hatuwezi kuipatia alama. Nairobi wakaenda watoto wengine na mashine yao ya kutotoa vifaranga.

Kurudi nilimkalisha Nafula mbele, kati yangu na hedimasta. Alilia kimyakimya mpaka Kamukuywa, na mimi pia nikalia, uchungu kabisa.

"Nisamehe, Nafula. Nimekula Nairobi yako."

Tukaenda, tukaenda. Kisha akapangusa pua na mkono wa sweta.

"Madam."

"Eeh?"

"Ilikuwa na ladha gani? Mimi nilipima rangi na harufu. Ladha sikupima."

Nikamwambia ukweli wote, kwamba mwanzo ni chachu kidogo, halafu inakuwa laini, haikwaruzi meno, na ukimeza unabaki na harufu ya mvua mdomoni. Alisikiza kama mtu anayeandika.

"Na ya kando ya mto?"

"Hiyo sikufika."

Akafikiri. Akasema basi mwaka ujao ataongeza ladha kwa chati, lakini ataonja mwenyewe, na chupa atabeba mwenyewe. Hedimasta akakohoa kuficha kicheko. Mimi nikaapa hapo hapo sitabeba tena kazi ya mtoto wa mtu, hata iwe karatasi tupu, na mpaka leo sijabeba.