Aliyetembea Kinyumenyume Juu ya Barafu

Kitu cha kwanza Alvin Friesen alichokiona kwa Garnet Hlady kilikuwa soksi. Soksi za sufu, za kijivu, zimelowa chapachapa. Mwenyewe kasimama mlangoni pa ukumbi wa barafu wa Dunmere, buti zake kaziacha nje kwenye theluji.

"Dada kasema viatu vya barabarani haviingii humu," Garnet alieleza.

"Haviingii kwenye barafu, kaka. Hapa mlangoni vinaingia," Alvin alimjibu, akatoka kuziokota buti kabla hazijafukiwa.

Wakati huo Garnet alikuwa na miaka thelathini na kitu. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Mambo mapya yalimwingia polepole, na yaliyomfurahisha alishindwa kuyaacha. Kwa miaka mingi yeye na wenzake wa hali kama yake walitia misumari kwenye vifuko, katika karakana iliyokuwa pembeni kabisa mwa mji, mbali na macho ya watu. Karakana ilipofungwa, alibaki nyumbani kwa dada yake, Darlene, akichungulia dirishani. Ndipo Darlene alipomwendea Alvin, mtengeneza barafu.

"Sitaki umpe kitu cha kumpotezea muda," alimwambia. "Mpe kazi."

Alvin akampa. Hata leo, akifumba macho, majira yale ya baridi humrudia yote: harufu ya kahawa na makoti yaliyolowa, madonge ya viazi yakichemka jikoni, mngurumo wa mawe ya mchezo yakiteleza, na Garnet akiyafuta moja moja kama anayeogesha watoto. Mji mzima ulikuwa humo. Asiyecheza alikaa nyuma ya kioo na kuwakosoa wanaocheza.

Katika mchezo huo timu mbili hushindana kutelezesha mawe mazito juu ya barafu hadi kwenye shabaha, na barafu yake haiachwi ikiwa laini. Mtengenezaji hubeba pipa dogo la maji moto mgongoni, akatembea kinyumenyume huku akipunga bomba la kunyunyizia, na matone yakaganda na kuwa vipele. Jiwe huteleza juu ya vipele hivyo. Visipolingana, jiwe hukwama au hupotea njia.

Jumamosi moja Alvin alimvika Garnet lile pipa, akaenda kunywa kahawa. Njia mbili za kwanza za kuchezea zilitoka vizuri. Ya tatu ilimnogea. Garnet akaipita, akairudia, akairudia tena huku akiimba, mpaka maji yakamwishia. Njia hiyo ndiyo waliyopangiwa Dunmere na wageni wao, timu ya Holbeck. Wote walipata tabu, lakini Dunmere, waliozoea barafu ya Alvin, ndio waliochanganyikiwa zaidi.

"Hii barafu au barabara ya changarawe?" aliuliza Murray Toews, nahodha wa Holbeck, na watu wakaangua kicheko.

Dunmere walishindwa vibaya. Garnet akajifungia katika chumba cha mifagio.

Sasa, katika mchezo huu, mshindi ndiye humnunulia aliyeshindwa kinywaji cha kwanza, wakakaa meza moja. Hakuna anayejua desturi hiyo ilianza lini, na hakuna anayeivunja. Murray akawanunulia Dunmere bia zao. Kisha akachukua soda moja, akaenda kugonga mlango wa chumba cha mifagio.

"Toka unywe. Mmeshindwa."

"Mimi si timu," Garnet alijibu akiwa ndani.

"Nani kakudanganya? Mimi nawanunulia walioshindwa tu. Unataka nivunje desturi?"

Kisha mlango ukafunguka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita tena "yule kijana wa Alvin". Waliokuja kucheza walimwita Changarawe.

"Changarawe, leo tutateleza?"

"Wewe hata kwenye siagi huwezi kuteleza," alikuwa akiwajibu.

Majira mengi ya baridi yamepita. Magoti ya Alvin yamechoka, na klabu inatafuta mtengeneza barafu mwingine. Alvin alipolitaja jina la Garnet, mwenyekiti, Iris Pawluk, alishusha pumzi.

"Tunampenda sote, Alvin. Lakini kumpenda mtu na kumkabidhi barafu ni mambo mawili."

"Kweli ni mawili. Basi mpimeni kwa hilo la pili. Mtu mwingine yeyote mngempa siku ya majaribio."

Iris akafikiri, akakubali. Siku ya kufungua msimu, Holbeck wakiwa wageni, Garnet atanyunyiza njia zote peke yake. Mawe yakienda sawa, kazi ni yake, kwa mshahara uleule wa Alvin. Yasipoenda, ataajiriwa mwingine.

Sasa ni Septemba. Mashine za kuvuna ngano bado zinanguruma mashambani. Kila jioni Garnet huja uani kwa Alvin, akavaa pipa tupu, akarudi kinyumenyume juu ya nyasi, kutoka bandani hadi kwenye uzio, mkono ukipunga. Alvin humtazama akiwa kitini, blanketi magotini.

"Hiyo ni njia ya tatu. Ukishaipita?"

"Naiacha, bosi."

"Hata ikinoga?"

Garnet akasita. "Hata ikinoga."

"Murray kapiga simu. Anauliza kama aje na buti za kutembelea kwenye changarawe."

"Mwambie safari hii soda nanunua mimi."

Alvin akacheka mpaka blanketi likaanguka. Upepo wa kaskazini ulikuwa umeanza kuuma masikio. Garnet akanyanyua uso, akaunusa.

"Barafu bado, bosi?"

"Bado kidogo."

Garnet akakaza mikanda ya pipa, akarudi bandani kuanza upya.