Anayesikiliza Pampu

Pampu ya mafuta ya gari la mzee na mkewe ikigoma, mzee hataki kusikia habari za gereji. Huvua saa, hung'oa kiti cha nyuma na kuzishika nyaya kwa ncha za vidole, kwa upole uleule aliokuwa akiwafungia nao wanawe vifungo vya shati. "Gari hili limenizoea," husema. "Fundi wa kulipwa litamnunia." Leo alikata waya ulioungua, akaunga mpya, akauzungushia utepe, kisha akainamisha sikio karibu na pampu kama kawaida yake.

"Washa, bibie!"

Mkewe akazungusha ufunguo. Pampu ikavuma hadi yeye aliyekaa mbele akaisikia.

"Bado," mzee akasema kinyonge, akaanza kulegeza kiungo alichokifunga vizuri. "Mikono imezeeka. Tupeleke tu gereji."

Mkewe akashuka, akaingia nyuma, akauchukua mkono wa mzee na kuulaza juu ya pampu. Mtetemo ukampanda vidoleni. Mzee akamtazama.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu uliponiambia niwashe, fundi wangu."

Mzee akauacha mkono palepale. "Basi kuanzia leo mimi niwe nawasha, wewe uwe unasikiliza."