Tulipogawa Samaki wa Mume Wangu

Mume wangu alipopata kiharusi, jambo la kwanza aliloniuliza pale hospitalini, kwa ulimi mzito, lilikuwa kama nimewalisha samaki. Nilikuwa sijawalisha. Nilirudi nyumbani kwetu Huangpu, kule Uchina tulikokuwa tukiishi, nikasimama mbele ya lile tangi la kioo lililojaza ukuta wa sebule, nikashika kopo la chakula nisijue nimimine kiasi gani.

Tulikuwa tumegombana sana juu ya tangi lile. Yeye alikuwa wakala wa mizigo. Alishinda bandarini kwenye makontena, na akirudi, kabla hata hajavua koti, anakwenda kupima chumvi ya maji. Matumbawe aliyaotesha mwenyewe kutoka vipande vidogo kama kucha. Mimi nilikuwa nazunguka viwanda vya jeans huko Xintang kununua mzigo, narudi nimechoka, mlio wa pampu unanikera. Nilimwambia mara nyingi kuwa sisi ni wapangaji katika nchi ya watu, na mpangaji hafugi bahari.

Daktari aliporuhusu asafiri, tuliamua kurudi Tanga kwa dada yake, maana peke yangu nilikuwa siwezi kumnyanyua. Nilichukua simu yake, nikaandika kwenye kundi la wenzake wanaofuga samaki wa bahari, kwa Kichina changu cha sokoni, kuwa mwenye tangi anaumwa, tunahama, anayeweza kuwatunza aje.

Akaja mwalimu mstaafu wa hesabu, Mchina, ambaye yeye na mume wangu walikuwa wakipeana vipande vya matumbawe miaka na miaka. Habari za kiharusi hakuwa nazo. Alidhani ni homa. Alipomwona mwenzake kwenye kiti cha magurudumu, mdomo umekwenda upande, aliganda pale mlangoni, viatu mkononi. Kisha akasogea, akaushika ule mkono uliokufa ganzi, akamwita kaka.

Tulianza na matumbawe. Mwalimu aliyabandua kwenye mawe kwa patasi, taratibu, na mume wangu akimwelekeza kwa kidole cha mkono wa kushoto. Moja kubwa la zambarau, alilolilea kuliko yote, lilipasuka katikati. Mwalimu aliomba radhi. Mume wangu aligeuza uso, akatazama dirishani mpaka vipande vyote viwili vilipofungwa kwenye mifuko ya maji.

Samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe hawakutusumbua. Waliishi ndani ya kiumbe laini chenye vidole vingi, kilichoshika jiwe, basi tukalitoa jiwe zima nao wakafuata. Aliyetutesa ni samaki aitwaye kangaja, wa bluu iliyokoza, mkia wa njano, mkongwe wa tangi. Alijichimbia chini ya mawe na wavu haukumfikia. Ikabidi tuyavute maji kwa mpira hadi bafuni, tukaondoa jiwe baada ya jiwe, mpaka akabaki kalala ubavu kwenye mchanga, anahema. Mwalimu akamnyanyua kwa viganja viwili, akamtia ndooni.

“Mlete hapa,” mume wangu akaniambia.

Nikaiweka ndoo mapajani pake, nikaishikilia. Alitumbukiza mkono wa kushoto, ule mzima, ndani ya maji, akauacha humo. Kangaja alikaa kando yake bila kutikisika. Ndipo akamwambia mwalimu kwa Kichina, neno moja moja:

“Usimchanganye na wakubwa. Ni mwoga.”

“Nitamweka peke yake mpaka azoee,” mwalimu akajibu. “Nitakutumia picha, kaka.”

Alipoondoka, nilipiga deki maji ya chumvi. Mume wangu aliniomba nikigeuze kiti chake, asiutazame ule ukuta. Nikakigeuza, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake.

Mwalimu alitimiza ahadi. Tulipofika Tanga alituma video: matumbawe yamefunguka, kangaja anakula. Mwanzoni mume wangu aliziangalia mara mbili mbili. Baadaye nikawa naona anaziangalia machozi yanamtoka, mkono mzima umeshika simu, na ule wa kuyafuta hauna nguvu. Siku moja akanirudishia simu.

“Mwambie asitume tena,” akasema. “Mshukuru sana, lakini asitume.”

Nilimwandikia mwalimu kwa adabu niliyoweza. Alijibu kuwa ameelewa. Tangu hapo hatujui habari za wale samaki.