Sindano ya Mama Mkwe

Mume wangu Ridhiwani ni muuguzi katika zahanati ya huku kwetu Makurunge, na kwa sindano hana mpinzani. Siri yake ni mdomo. Anajua msuli uliokakamaa ndio unaouma, basi humtania mgonjwa mpaka mwili ulegee, na hapo sindano imeshaingia. Wazee wanamwita mchawi, naye anafurahi kana kwamba kapewa cheo.

Mtu mmoja tu ndiye aliyemshinda kumtania: mama yangu, Bi Tatu. Mkwe hataniwi. Tangu atuozeshe, Mama hajawahi kusema naye ana kwa ana. Akiwa na neno hunipa mimi nipeleke, hata tukiwa wote ukumbini. Jambo hilo lilinichosha, sifichi.

Mwezi uliopita mguu wa Mama ulivimba kwa kidonda alichokipata shambani, homa ikapanda, nikampeleka zahanati. Daktari akaagiza sindano siku hiyo hiyo, usaha usije ukaenea mwilini. Wa kuchoma alikuwa Ridhiwani peke yake. Mwenzake, Fatu, yuko likizo ya uzazi. Mama akakaza khanga yake, akataka kurudi nyumbani.

"Bora nife na heshima yangu."

"Heshima utakwenda nayo, mimi nibaki na nani?" nikamjibu kwa hasira, machozi yakinilenga. Niliogopa kweli.

Ridhiwani alikuwa kaugeukia ukuta. "Zaina, mwambie Mama sihitaji kuchoma huko nyuma. Paja linatosha, upande wa nje, katikati. Patakaa wazi padogo tu, kadiri ya kiganja."

Nikamwambia, kana kwamba hakusikia. Mama akafikiri, akajilaza, akajifunika uso kwa khanga ya pili.

"Mwambie mkwe, huyu aliyelala hapa hana jina."

Ridhiwani akanawa, akapasafisha. Paja gumu kama ubao. Akafungua mdomo atanie, akaufunga. Kisha akanigeukia mimi.

"Zaina, ule wali wako wa jana, hata kuku waliukimbia."

"Kuku gani? Umekula sahani mbili, ukoko ukaukwangua mpaka sufuria ikalia!"

Khanga ikaanza kutikisika. Mama anacheka! Alipotulia kuvuta pumzi, paja limelainika, Ridhiwani akaingiza sindano wima, akasukuma dawa polepole, akachomoa, akabandika pamba.

"Mwambie aanze basi," Mama akasema, "kabla sijabadili nia."

"Kashamaliza, Mama."

Akafunua uso, akamtazama. Ridhiwani akainamisha macho. Nikasubiri nipewe neno nilipeleke, sikupewa.

"Ridhiwani," Mama akasema, "kesho uko zamu?"