Gundi kwenye Redio ya Mama Mkwe

Tangu aolewe, kila kilichozimika nyumbani kwa mama mkwe kilimngoja yeye. Alikuwa fundi wa redio na simu, kibanda chake kikinuka lehemu toka asubuhi, na mama mkwe aliwatambia majirani kwamba mwanawe hakuoa mke tu, alioa na mikono.

Kisha wifi yake, dada wa mumewe, akaajiriwa kiwandani kubuni vyombo vya umeme. Redio yake ya kwanza akamletea mama. Haikugandishwa kwa gundi popote. Kifuniko kilishikwa na skrubu za kufunguliwa hata kwa sarafu, na kila kipande kilichomoka peke yake, kibadilishwe au kikayeyushwe kuundwa kingine. Betri ilipokufa, mama mkwe aliibadilisha mwenyewe pale sebuleni, mtaa mzima ukapata habari.

Fundi alipongeza kwa mdomo, moyoni aliungua. Siku moja akajitolea kuipangusa redio vumbi, akaingia nayo jikoni, akapaka gundi ukingoni mwa kifuniko.

Haukupita muda spika ikaanza kukwaruza. Mama mkwe alihangaika na kifuniko mpaka kidole kikachubuka, akamwita binti yake. Fundi naye alikuwepo. Wifi aliigeuza redio, akapitisha ukucha ukingoni, akamtupia fundi jicho. Kisha akamwambia mama kwamba ni makosa ya kiwandani.

Kusitiriwa kulimuuma fundi kuliko kuumbuliwa. Akamfuata wifi yake uani.

“Si useme tu kwamba ni mimi?”

“Nikisema, mama atafaidi nini? Wifi, nimekukosea wapi?”

“Kabla ya hiyo redio yako, alikuwa ananiita mimi.”

Wifi aliingia ndani. Akarudi na redio, akamkabidhi.

Fundi alishinda kibandani akikwangua gundi kwa spiriti na wembe. Kifuniko kilipoachia, spika ilitoka kwa kuvutwa kidogo tu, na wivu ukampanda upya: kazi ilikuwa nzuri, na haikuwa yake.

Aliirudisha ikiwa na spika mpya, akakiri kila kitu. Mama mkwe aliiweka redio mezani.

“Kwani mpaka kitu kiharibike ndiyo uje kwangu?”

Siku hizi fundi humtembelea bila bisibisi, wakakaa wakapiga soga. Ila binti akisifiwa, fundi bado hutazama pembeni.