Fundi Soma Kwanza na diski aliyoiogopa miaka sita

Saa mbili asubuhi, fundi anafunga mlango wa duka lake kwa ndani. Leo hapokei wateja, ila mimi mwandishi ameniruhusu kukaa. Mezani ipo diski moja ya kompyuta, imetolewa sasa hivi kwenye foronya. Anaipangusa vumbi, anaiweka chini, anaichukua tena.

Kwenye kigoda amekaa mwenye diski, dada yake mkubwa, mshonaji wa sare za shule.

Mtaani hapa, fundi huyu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, anaitwa Fundi Soma Kwanza. Wateja humtania kwamba kwake unarudishwa darasa la kwanza. Kabla hajafuta chochote, humtaka mwenye mali asome kwa sauti jina na ukubwa wa diski inayoonekana kwenye skrini, kisha naye hurudia. Diski zisizohusika huwa ameshazichomoa. Kwa siku huhudumia watu wanne hadi sita, na wengine humkimbia kwa kuchelewa huko.

"Waache wakimbie," anasema. "Mimi haraka yangu ya siku moja ilinitosha."

Siku hiyo ilikuwa miaka sita iliyopita, akiwa na miezi miwili tu kazini. Kompyuta ya dada yake ilikuwa nzito kufanya kazi, akamwekea diski mpya ili apakie mfumo endeshi upya. Diski zikawa mbili, zote za gigabaiti mia tano. Skrini ikaziita Sifuri na Moja. Akadhani Sifuri ndiyo mpya, akafuta patisheni zake zote, akaanza kupakia. Aligundua baada ya dakika kumi na moja.

Kwenye patisheni D ya diski ile zilikuwamo picha na video zote za mtoto pekee wa dada yake, aliyefariki kwa homa mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka mitano. Nyumbani walimwita Kasuku, kwa kuwa kunyamaza hakukujua. Nakala nyingine haikuwepo.

"Nilimwambia dada zimepotea. Hakunigombeza. Alichukua diski yake akaondoka. Heri angenipiga."

Patisheni, anaeleza, ni vyumba vya nyumba moja, na diski ina daftari linaloonyesha kila chumba kinaanzia wapi na kuishia wapi. Ukifuta patisheni, unafuta mstari wa daftari. Vyombo hubaki chumbani mpaka aingie mpangaji mwingine. Siku ile mfumo mpya uliingia chumba cha C, mwanzoni mwa diski. D ilikuwa mbali zaidi.

Hayo aliyajua miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo amewarudishia patisheni watu ishirini na saba. Lakini yeye hakumwambia dada yake neno.

"Niliogopa," anasema, sauti imeshuka. "Nikishindwa, nitakuwa nimemfuta mwanangu mara ya pili. Nikaona bora tusijue."

Siri haikukaa. Mwalimu mmoja, mteja wa wote wawili, alipokwenda kwa dada kupima sare alimsifu fundi kwa kumrudishia mitihani yake iliyofutika. Leo asubuhi dada akaja na foronya yenye diski mkononi, akauliza jambo moja tu: ya watu unarudisha, ya kwetu je?

Fundi anaiwasha. Diski inagonga kwa mlio mkavu mara mbili, kisha inazunguka. Hafungui chochote. Kwanza anainakili yote kwenye diski nyingine, maana hiyo kuukuu inaweza kufa wakati wowote. Anamgeukia dada yake, kama anavyofanya kwa kila mteja.

"Kutoka Moja, kwenda Mbili," dada anasoma; safari hii Sifuri ni diski ya kompyuta ya fundi mwenyewe. Fundi anarudia, anabonyeza.

Kunakili kunapofika asilimia sitini na moja, namba zinasimama. Diski inagonga tena. Dada anauliza kama ndiyo basi, fundi anajibu kwamba hajui, na hajui kweli. Dakika tisa zinapita, mimi mwenyewe kalamu imenikauka mkononi. Kisha sitini na mbili inatokea.

Saa saba mchana nakala imekamilika. Ndani yake fundi anatafuta mwanzo wa chumba kilichopotea. Mstari mmoja unajitokeza: D, gigabaiti mia tatu na themanini. Chini yake kuna folda kadhaa, na moja imeandikwa KASUKU.

Hakuna anayeshangilia. Fundi anaeleza kwamba jina linaweza kubaki na picha zenyewe zikawa zimeharibika. Anapeleka mkono kwenye kipanya. Dada anaushika.

"Usifungue, mdogo wangu," anasema. "Ulidhani nimekaa na diski hii miaka yote kwa hasira? Na mimi niliogopa kukuuliza."

Wamekubaliana kuifungua Jumapili, baba wa mtoto akiwa amerudi safari, wakiwa watatu. Kabla ya hapo fundi atatengeneza nakala mbili zaidi, moja ikae kwa dada.

"Sura yake tunaikumbuka," ananiambia akinifungulia mlango. "Sauti ndiyo imeanza kututoka. Ikifunguka video moja tu, dada akamsikia, mimi nitalala."