Kipande cha Katikati

Mlio ndio uliotangulia. Tik, tik, tik, kimya kidogo, kisha tik, tik tena. Ulitoka juu, ndani ya lori lililoegeshwa mbele ya varanda ya mama mdogo, nasi tukadhani ni injini inapoa. Malaba yetu, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ile ya tisini ilikuwa na malori mengi kuliko miti, na kila lori lilipoa kwa lugha yake. Lakini hili lilikuwa limezimwa tangu jana.

"Huyo dereva anakata kucha," akasema mama mmoja.

"Kucha gani hizo haziishi?"

"Labda ameanza na za tanboi, msaidizi wake," akasema mama mdogo, na kikundi kizima kikacheka. Mlio ukanyamaza, kama mtu aliyesikia akisengenywa.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya kikundi. Mimi nilikuwa msichana wa kidato cha tatu, niko kwa mama mdogo kwa likizo ya Agosti, na kazi yangu ilikuwa kuviringisha uzi uwe mpira na kuambiwa nikae vizuri. Wanawake wale walikutana kila wiki kwenye varanda ile kufuma sweta, katika mji ambao saa nane mchana hata mbuzi hutafuta kivuli kabla ya majani. Sikumbuki kumwona mtu wa Malaba akivaa sweta kwa sababu ya baridi. Watoto walizifunga kiunoni kwa amri ya shule, na jioni wakazifanya magoli ya mpira. Kilichouzika kweli ni vitambaa vya kufunikia viti vya baiskeli za boda boda, vyenye mashada ya uzi yanayoning'inia pande zote. Kila kijana aliyevusha watu mpakani alitaka mashada marefu kuliko ya mwenzake. Lakini hakuna mama aliyekubali kwamba anafumia makalio ya abiria. Boda boda zililisha watoto. Heshima ilitafutwa kwenye shoo.

Shoo ilikuwa maonyesho ya kilimo ya wilaya, kule Busia, ambako ng'ombe, mihogo na vitambaa vya makochi vilipimwa siku moja na kwa uzito uleule wa uso. Mwaka uliotangulia, kikundi cha jirani zetu wa Chakol kilishinda kwa ufumaji, na mwenyekiti wao akawa anamsalimu mama mdogo kwa pole kila siku ya soko hadi Krismasi. Si habari yako. Pole. "Pole, mama, poleni sana huko kwenu." Mama mdogo aliapa kwamba mwaka huu pole zitatoka Malaba kwenda Chakol.

Silaha yake ilikuwa blanketi. Kila mwanachama alifuma kipande kimoja cha mraba, na vyote viliunganishwa kukizunguka kipande kikubwa cha katikati, ambacho kwa desturi ni cha mwenyekiti. Hicho alikitaka kiwe na msuko, nyuzi zipandane kama nywele zilizosukwa, jinsi alivyouona kwenye sweta moja ya mitumba. Tatizo ni kwamba mama mdogo alichaguliwa mwenyekiti kwa sababu ya sauti yake, iliyoweza kusimamisha treni ya mizigo, si kwa sababu ya mikono yake. Kipande chake kilikuwa kimeinamia upande mmoja kama mlevi anayesikiliza siri. Kila mama alikiona. Kila mama alikisifu.

"Kinapendeza."

"Kimetulia kabisa."

Ndipo sauti ya kiume ikashuka kutoka juu. "Mama, hapo umepotea. Umevusha nyuzi kabla ya wakati wake."

Tuliinua nyuso pamoja. Kwenye dirisha la lori kulikuwa na mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, katika joto lile, na mkononi sindano mbili za kufumia na soksi ya kijani iliyofika kisiginoni. Hakuificha. Aliinyanyua kidogo, kama mvuvi anayeonyesha samaki.

Tulikodoa macho kama watu waliomwona jogoo akitaga.

"Wewe," mama mdogo akasema hatimaye, "nani amekufunza kazi ya wanawake?"

"Mwanamke," dereva akajibu. "Kwetu ni Kinangop, mama. Baridi ya huko haiulizi kama wewe ni mwanamume. Mama yangu alizaa wavulana watupu, na sweta za kuuza sokoni lazima zifumwe. Sasa angengoja mabinti watoke wapi?"

Alishuka. Akachukua kile kipande kutoka mikononi mwa mwenyekiti bila kuomba, akakifumua chote, mstari kwa mstari, mbele ya wanawake waliokuwa wamekisifu dakika hiyo hiyo, na hakuna aliyemzuia. Kisha akaketi juu ya kreti ya soda akaanza upya. Alifuma haraka bila kuitazama mikono yake. Alitutazama sisi, kuhakikisha tunaitazama.

Maana unyenyekevu hakuwa nao hata wa kuazima. "Mnaona hiyo?" aliuliza kila baada ya mstari. "Hata mashine haiwezi." Mama mmoja mfanyabiashara, aliyevuka kutoka upande wa Uganda kila Alhamisi kwa ajili ya kikundi, alijishika kifua. "Banange! Na mume wangu hata kifungo hajui."

Jioni ile mama mdogo alipiga hesabu yake. Msuko wa kipande kikubwa vile ni kazi ya wiki nzima, na lori lilikuwa likisubiri karatasi za forodha kwenda Kampala. Karatasi zikitoka kesho, blanketi litabaki na shimo katikati, na pole za Chakol zitaendelea mwaka wa pili. Bahati yake, au ndivyo alivyodhani, ni kwamba wakala aliyekuwa akishughulikia karatasi za lori lile alikuwa anakula ugali mbele yake. Baba mdogo.

"Yule wa lori ya bluu," akamwambia, akimwongezea mchuzi. "Karatasi zake zisiharakishwe."

Baba mdogo alitafuna polepole. Katika miaka yote ya kazi yake mpakani, hakuna aliyewahi kumwomba acheleweshe kitu. Wote walimlaumu kwa kuchelewa ambako hakukuwa kwake. Nilimwona akinyooka kitini.

"Si rahisi," akasema. "Lakini nitaongea na watu."

Tangu siku hiyo nyumba yetu iliishi na dhambi ndogo, na mama mdogo aliilipia kwa chakula. Asubuhi nilimpelekea dereva chai na mandazi. Mchana, samaki wa ngege wa kukaanga. Jumatano alichinjiwa kuku. Kila nilipopita na sahani, mama mdogo aliniuliza kwa sauti ya chini, "Analalamika?"

"Hapana. Ameuliza kama kuna pilipili."

"Maskini. Anavumilia."

Na kila jioni alimuuliza mumewe, "Umezishikilia bado?" Naye baba mdogo alijibu, "Nimezibana," kwa sauti ya mtu aliyeziba mto kwa kisigino. Hakuna majirani walioshangaa kuona lori halisogei. Mwenye lori mwenyewe, alipopigiwa simu na dereva kutoka kibanda cha posta, aliambiwa neno moja tu, forodha, akashukuru kwa taarifa.

Blanketi lilikamilika usiku wa kuamkia shoo. Vipande vya pembeni vilikuwa vyetu, kimoja kipana, kingine chembamba, kingine chenye tundu lililozibwa kwa sala. Katikati palilala msuko wa dereva, umenyooka kama reli.

Tulikwenda Busia nyuma ya pikapu, blanketi limefungwa ndani ya shuka kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Dereva alipanda nasi. "Nitaangalia tu," alisema. Alikuwa amenyoa ndevu.

Ndani ya hema la kazi za mikono, blanketi letu lilitundikwa karibu na la Chakol, lililokuwa zuri kwa namna ya kawaida. Kwenye meza ya mbele ilikaa zawadi ya mshindi: mashine ya kufumia, mpya, bado na karatasi zake. Ndiyo iliyokuwa zawadi ya kazi bora ya mkono, ili mshindi asiuhitaji mkono tena.

Hakimu alikuwa afisa wa uchumi wa nyumbani, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alipita polepole, akigeuza kila kazi upande wa nyuma, kwa sababu upande wa mbele hudanganya. Alipofika kwetu aligeuza, akageuza tena. Akaweka kidole kwenye kipande cha katikati.

"Hiki kimefumwa kwa mashine," alisema.

"Ni mkono, madam," mama mdogo akasema.

"Mama, mimi si mtoto. Hivi vya pembeni ni mkono, naona makosa yake. Hiki hakina kosa hata moja. Mkono wa binadamu hukosea."

Mwenyekiti wa Chakol, aliyesimama karibu kwa bahati mbaya aliyoitafuta, akasema kwa upole, "Pole, mama."

Kwa mara ya kwanza nilimwona mama mdogo amekosa sauti. Nilielewa alichokuwa anapima. Akinyamaza, ataitwa tapeli aliyetumia mashine mbele ya wilaya nzima. Akisema, itajulikana kwamba kipande cha mwenyekiti kilifumwa na dereva wa lori, na kikundi kitachekwa kuanzia Bumala hadi Malaba. Aliangalia blanketi. Aliangalia ile pole iliyokuwa bado inatabasamu. Kisha ile sauti ya kusimamisha treni ikarudi.

"Dereva! Wewe, dereva wa lori! Kuja hapa!"

Alikuwa nje ya hema, akila mahindi ya kuchoma. Aliingia akifuta mikono kwenye suruali. Mama mdogo akamwelekeza kwa kidevu. "Huyu ndiye mashine yangu."

Hema lilichangamka kuliko sehemu ya ng'ombe. Akapewa kiti, sindano na uzi. Watu wakajaa.

"Mzee, na ugali pia unapika?"

"Napika. Wewe kwako unapika nini, kelele?"

"Huyu ameolewa wapi jamani?"

"Hata wewe naweza kukufumia," dereva akasema bila kuinua kichwa. "Lakini uzi wa kichwa kikubwa hivyo tutatoa wapi?"

Wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu msuko ulikuwa umeanza kuonekana. Vitanzi vitatu vilipita juu ya vitatu, vikashuka, vikapita tena. Mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya mihogo alisogea hadi mbele na kuvua kofia. Kwa muda ule tik, tik, tik ilisikika hadi kwenye kamba za hema, na uso wa dereva uling'aa kama wa bibi harusi.

Hakimu alivua miwani. "Nimekosea," akasema kwa haki kabisa. "Ni kazi ya mkono. Sijaona bora kuliko hii." Tukashikana mikono. "Lakini hili ni shindano la vikundi vya akina mama. Na huyu, nikiangalia vizuri, si mama."

Mashine ikaenda Chakol.

Tulirudi Malaba jua likizama. Dereva peke yake alizungumza, akirudia alivyomjibu yule wa kichwa kikubwa, kila mara kichwa kikizidi kukua. Baba mdogo alikuwa ametungoja kwenye varanda.

"Tumeshindwa," mama mdogo akamwambia. "Sasa mpe huyu karatasi zake aende. Zimekaa vya kutosha, Mungu atusamehe."

Baba mdogo akamtazama dereva. Dereva akatazama viatu vyake. Kisha akapanda lorini, akaingiza mkono chini ya kiti, akashuka na karatasi zilizojaa mihuri.

"Zilitoka Jumatatu, mama," akasema. "Mzee alinipa mwenyewe. Mimi ndiye nilimwomba asikuambie."

"Jumatatu?" Mama mdogo alimgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwa umebana nini?"

"Nilibana mdomo," baba mdogo akasema.

"Jumatatu! Na kuku wa Jumatano?"

"Kuku alikuwa mtamu," dereva akakiri. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, sauti yake ikapungua. "Nyumbani siwezi kufuma, mama. Watoto wamekuwa wakubwa, mke wangu anaona aibu. Tanboi nimemwambia nashona kifuniko cha usukani, na hata hapo haniamini. Ni hapa tu watu wamenitazama. Nilitaka kungoja nione kama kipande changu kitashinda."

Mama mdogo aliingia ndani, akatoka na mkasi. Alilitandaza blanketi mezani akaanza kukata uzi wa maunganisho, taratibu, pande zote nne, hadi kipande cha katikati kikatoka kizima. Alikikunja akampa.

"Hakimu amesema si kazi ya akina mama," akasema. "Chukua."

"Mke wangu ataniuliza nimetoa wapi."

"Mwambie umenunua mpakani. Nani haamini kitu kimenunuliwa mpakani?"

Blanketi lile ninalo mimi sasa. Katikati yake mama mdogo alijifumia kipande kingine, msuko uleule, kimeinamia upande uleule, na kila mgeni anayekiona hukisifu.

Lakini jioni ile palikuwa na shimo tu, na kupitia shimo hilo, mama wawili walipoliinua blanketi kulikunja, tulimwona dereva akikiweka kipande chake ndani ya shati, kama mtu anayevusha magendo. Alipanda. Akakaa kidogo, kichwa nje, labda akingoja mtu aseme neno. Mama mdogo aliinua mkono.

"Pole, baba," akamwambia.

Akacheka, akaingiza kichwa, na mlango wa lori ukafungwa nyuma yake.